Sijambo Kidogo

Kiti cha mwombaji kilikuwa na mguu mmoja mfupi, hivyo Mama Mkunga alikaa amekaza mapaja asije akayumba mbele ya karani wa bima. Alikuwa amesimama foleni tangu alfajiri. Kwao alizalisha wanawake miaka thelathini na minne. Huku ugenini, nyumbani kwa bintiye, alikuwa mstaafu mwenye kibali cha kukaa, na kibali hakihuishwi bila bima ya afya. Miaka sita bima ilipatikana kwa sahihi tu. Mwaka huu alitimiza sabini, na waliotimiza sabini huhojiwa.

"Karibu, mama. Hujambo?"

"Sijambo kidogo, mwanangu. Miguu hii ya uzee, na kifua nacho kinabanabana. Tunashukuru."

Maneno tu. Alikotoka, mtu mzima hajisifu afya. Ukisema u mzima kabisa ni kama kumwita hasidi kwa jina. Karani, kijana mpole, aliyaandika yote. Akampa pole, na pole ile ikamfurahisha.

Barua ilikuja Jumatatu. Binti, aliyerudi kutoka kiwandani na nyuzi zimemganda nyweleni, aliisoma hata hajaketi. Mwombaji amekiri ugonjwa wa moyo na viungo. Bima imekataliwa. Rufaa ndani ya siku saba, mwombaji afike mwenyewe.

"Moyo umetoka wapi, mama?"

"Nilisema kifua."

"Si ungesema tu u mzima?"

"Nijinadi kama mbuzi wa mnadani?"

Binti alicheka, kisha akaacha. Kibali cha Mama Mkunga kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na bila bima angerudishwa kwao. Huko alikuwa amebakiwa na kaburi la mumewe na mpwa asiyepokea simu. Mjukuu wa miaka mitatu alilala mapajani mwake, mdomo wazi, jasho likimtoka shingoni.

Kesho yake walikwenda hospitali kupima moyo wapate cheti. Mpokezi alitaka kadi ya bima.

"Ndiyo tunayoitafuta," binti alisema.

"Basi mkiipata, mje."

"Nitalipa taslimu."

"Mgeni hapimwi kwa taslimu, dada. Kanuni."

Siku ya saba walirudi kwenye jengo la bima bila cheti. Ofisi ya rufaa ilikuwa ghorofa ya tatu na hufungwa saa sita. Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi: mbovu. Mlinzi aliisoma barua yao kwa kidole, akawapa namba arobaini na moja, halafu akasimama mbele ya ngazi.

"Mama hapandi. Hapa pameandikwa moyo."

"Moyo wangu mzima, baba."

"Hata yule wa mwezi uliopita alisema hivyohivyo. Akaanguka pale juu, mimi nikasimamishwa kazi wiki mbili."

Binti alipanda peke yake, mbio. Akashuka anahema. Walimtaka mwenyewe.

"Mwanangu," Mama Mkunga alimwambia mlinzi, "hii miguu imevuka mto na mjamzito mgongoni. Nipishe."

"Naamini, mama." Mlinzi hakuwa mkali. Alipangusa benchi kwa mkono wa shati. "Lakini sisomi miguu, nasoma karatasi. Kaa upumzike."

Juu, kipaza sauti kiliita arobaini na moja.

Alisimama. Mlinzi akamshika kiwiko taratibu, kama mtu amshikavyo mgonjwa wake.

"Tupo," binti aliita kuelekea juu. "Tupo hapa chini."

Kiliita tena, kikangoja, kikaita arobaini na mbili. Mzee mmoja aliinuka benchini, midomo imemkauka, mkongojo unamtetemeka mkononi. Mlinzi aliipokea barua yake, akaisoma, akasogea pembeni. Barua yake ilisema sukari tu.

Mzee alishika reli, akaanza kupanda. Walisikia mkongojo ukigonga ngazi moja moja, na pumzi yake ikikwaruza, hadi ghorofa ya kwanza, hadi ya pili.

Hapo mkongojo ukanyamaza. Mlinzi hakugeuka, alikuwa bado amemshika Mama Mkunga kiwiko.