Mlango wa Atieno

Awino alipoliona jina la Kisyeri kwenye kibao, na kibao chenyewe kimeegemezwa kwenye ukuta wa mama yake, damu ilimpanda mpaka masikioni. Ukuta ule mama yake, Atieno, aliukandika kwa mikono yake mwenyewe miaka ishirini iliyopita, alipofika Nyamongo akitokea Shirati, mjane mwenye mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa yeye Awino.

Siku hiyo wathamini walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba, maana mgodi ulitaka kupanua eneo lake. Kila mwenye nyumba alipigwa picha mbele ya nyumba yake, ameshika kibao chenye jina lake kwa chaki. Jina lililo kwenye picha ndilo litakalolipwa. Asiye na picha ataondoka na masufuria yake. Matajiri walilijua hilo mapema. Mzee Kisyeri, mwenye malori na duka la saruji kule Nyamisangura, alikuwa amenunua mashamba na kuyajaza vibanda vya tegesha, vyumba vya matofali mabichi asimolala mtu, vilivyosubiri kuhesabiwa tu. Nyumba ya Atieno ilibaki katikati ya vibanda hivyo.

Hapo ndipo Wangwe, mtoto wa Kisyeri, alipoingia. Miezi mitatu nyuma alishuka kwenye pikapu, akamfuata Awino pale alipokuwa akiponda mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wenzake.

"Baba anataka nioe binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Sirari," alimwambia. "Simtaki. Jifanye mchumba wangu mpaka wale wachoke kungoja. Na mimi nitahakikisha baba hamgusi mama yako."

Awino alikubali kwa ajili ya nyumba. Alipelekwa Nyamisangura, akapiga goti, akasema shikamoo, akanywa chai kwenye kikombe chenye maua huku dada zake Wangwe wakiitazama mikono yake. Mzee Kisyeri peke yake ndiye aliyemchangamkia. Alimwita mwanangu. Awino alishangaa, lakini hakuuliza.

Kule kwenye mawe wenzake walimtania. "Shemeji yetu hana sugu hata moja," alisema Huruma. "Huyo utamlisha kwa kijiko."

Lakini Wangwe alizoea kuja hata siku ambazo hapakuwa na mtu wa kudanganywa. Alikaa kwenye kigoda cha Atieno, akala dagaa kwa mkono, akachekwa alipochomwa na mwiba mdogo. Siku moja mvua iliwakuta nje, na mlango ukamshinda kufungua. Awino akamfundisha: bawaba ya chini imekufa, kwa hiyo unauinua mlango kwa goti, halafu unasukuma kwa bega. Alipoweza, alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Usiku ule Awino alikiri moyoni kwamba hajifanyi tena.

Na sasa kibao hiki. Tena siku ya mnada, mama yake akiwa sokoni. Awino alikuwa ameagizwa na Kisyeri avae gauni zuri kwa picha ya familia.

"Hii ni nyumba ya mama yangu," alimwambia mthamini, kijana wa miwani aitwaye Protasi.

Kisyeri, aliyesimama kando na Wangwe, alicheka taratibu. "Binti ni mkwe wangu mtarajiwa. Mwanangu amejenga hapa, mama yake tumemhifadhi tu. Mwenyekiti, si wachumba hawa?"

Mwenyekiti wa kitongoji, soda ya Kisyeri mkononi, aliitikia kwa kichwa. Hapo Awino akajua kwa nini aliitwa mwanangu.

"Si mchumba wangu," alisema Awino. "Tulikuwa tunajifanya."

"Umesikia, bwana mthamini? Kwa kinywa chake amesema ametudanganya miezi mitatu. Leo ndiyo tumwamini?"

Awino alimgeukia Wangwe. "Ulijua?"

Wangwe alitazama viatu vyake. "Tangu juzi."

Juzi ndiyo siku aliyokula ugali wa Atieno.

Protasi aliinua kalamu. "Nahitaji kuona vyumba. Mwenye nyumba afungue." Alijaribu mwenyewe, mlango haukutikisika. Kisyeri akasukuma mpaka akakohoa.

"Wangwe, fungua," alisema Kisyeri. "Si kwako hapa?"

Wangwe alisogea. Awino aliliangalia lile goti. Alijua likiinuka, nyumba imekwenda, na yeye ndiye aliyelifundisha. Wangwe aliweka kiganja kwenye mbao, akasukuma wima kama mgeni aliyefika jana. Akarudi nyuma.

"Sijui unavyofunguka, Tata," alimwambia baba yake.

Awino alimpita bila kumgusa. Akainua kwa goti, akasukuma kwa bega. Ndani, masizi ya miaka ishirini yaling'aa kwenye paa, na khanga za mama yake zilining'inia kwenye kamba. Protasi alichungulia, akatoka, akalifuta jina la Kisyeri kwa kiganja, akampa Awino chaki aandike jina la mama yake. Mwenyekiti aliiweka soda chini.

Kisyeri aliondoka na pikapu bila kumngoja mwanawe. Bodaboda ikamleta Atieno na ndoo yake ya dagaa. Akapigwa picha vile vile, jasho usoni. "Nyathina, mwanangu, nimekaa vizuri?" alimuuliza mwanawe.

Watu walipotawanyika, Wangwe alisogea. "Nimekusaidia, Awino."

"Ulikuwa na mdomo. Neno moja tu lilitosha, 'ni ya mama Atieno.' Ukaona afadhali mlango ukusemee, ili baba yako asikukasirikie sana."

"Niliogopa."

"Mimi ninayeponda mawe niliongea. Wewe mwenye malori ukaogopa."

"Nakupenda. Hilo si la kujifanya."

"Nenda kamwambie hivyo baba yako, mchana, dukani kwake, mbele ya wateja. Sema na mlichotaka kumfanyia mama yangu. Ukishindwa, usirudi."

Aliingia ndani akaurudisha mlango. Hasira haikuwa imepungua hata kidogo. Alisimama akisikiliza. Nje, Wangwe, aliyejua vizuri sana namna ya kuufungua ule mlango, alibisha hodi.

Awino hakuitikia. Baada ya muda alisikia hatua zikishika njia ya lami, kuelekea Nyamisangura, kwa miguu.