Jino Ndani ya Beseni

Kitu kilidondoka ndani ya beseni la bati nje ya dirisha langu. Ting. Kimya kikapita, kisha maji yakaanza kukorogwa polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwa vidole.

Giza lilikuwa bado. Nilikuwa nimeamka kubandika uji kabla mwanangu hajafungua macho, kwa sababu yeye akifungua macho, mdomo nao hufunguka saa hiyohiyo. Ana miaka sita. Tunamwita Kidonge kwa udogo wake, na tangu jino lake la mbele litoke wiki iliyopita anapiga mluzi kila akitamka neno lenye "s", halafu anajicheka mwenyewe.

Nyumba yetu ina vyumba sita na ua mmoja. Aliyekuwa uani saa ile nilimjua bila kuchungulia. Kila alfajiri ni yeye: kwanza bomba, halafu brashi sakafuni, halafu nguo. Ni msichana wa Shangazi.

Shangazi anakaa vyumba viwili vya mbele. Mtaa mzima humwita hivyo, na kazi yake inajulikana: huwatafutia wasichana kazi za ndani. Huwaleta kutoka kwao, hukaa nao wiki tatu au nne akiwafundisha kupiga pasi, kusugua choo na kubembeleza mtoto wa watu, kisha gari huja kuwachukua kwenda kazini ng'ambo ya mpaka. Wote huwaita Dada. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Mabosi hawana muda wa kujifunza majina," alinijibu akicheka. "Dada akitoka, Dada anaingia. Kazi haisimami."

Nilitoka na tochi ya simu. Msichana alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la mashuka, mkono mmoja majini, mwingine shavuni. Mate yake yalikuwa na damu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hamna kitu, Mama Kidonge."

"Mbona unatoka damu?"

Alitazama mlango wa Shangazi. Kisha akautoa mkono majini na kuufungua. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebabuka kwa dawa ya kung'arishia nguo, nyekundu mpaka kwenye mistari. Katikati palikuwa na jino. Gego dogo, safi, ambalo chini yake halikuwa na mizizi, limechimbika tu kama kikombe cha kuchezea.

"Usimwambie Shangazi," alinong'ona. "Juzi nilivunja sahani, nikalala nje. Akijua nimevunja na hili..."

 Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwenye saruji yenye maji, nikilimulika lile jino.

Nasoma masomo ya jioni, huu ni mwaka wa tatu. Mwalimu wetu wa sayansi, yule anayesahau chaki nyuma ya sikio, alitufundisha habari za meno ya utoto: jino jipya hupanda kutoka chini likiila mizizi ya lile la zamani kidogo kidogo, mpaka linabaki kofia tupu na kudondoka. Ya mbele hutangulia. Magego huwa ya mwisho, mtoto akiwa na miaka kumi, kumi na moja, akichelewa sana kumi na mbili. Nililiandika hilo katika daftari langu. Nilipata tisa kwa kumi.

"Una miaka mingapi?" nilimuuliza.

"Kumi na nane," akajibu papo hapo, macho yakiwa mbele, kama anayeitika jina darasani.

Kumi na nane. Niliijua hiyo. Niliiandika mimi.

Ilikuwa hivi. Miezi mitatu nyuma Shangazi aligonga mlango wangu akiwa na soda ya mtoto na fomu ya kibali cha safari ndani ya bahasha. "Mwenzangu, macho yangu yamekwisha," alisema, "na wewe una mwandiko unasomeka kama kitabu. Nijazie hii." Hakuna aliyewahi kuusifu mwandiko wangu. Nilifuta meza, nikanawa mikono, nikatoa kalamu ninayoitunza kwa ajili ya mitihani. Yeye akasema, mimi nikaandika. Jina. Uhusiano: mtoto wa dada yake. Tulipofika tarehe ya kuzaliwa akasema, "Weka tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka huu katimiza kumi na nane. Hawa wote walizaliwa siku ya kwanza ya mwaka, wanapenda sherehe." Nikacheka. Namkumbuka msichana aliyesimama mlangoni, lakini sikumbuki uso wake, maana nilikuwa nikitazama herufi zangu zisitoke nje ya mstari.

Nilijaza fomu tatu. Msichana wa kwanza aliondoka. Wa pili aliondoka, na mama yake alipiga simu mara mbili akimuulizia. Shangazi aliongea naye uani kwa sauti tamu, akamwambia mtandao wa kule ni mbovu. Simu ya tatu hakuipokea. Wa tatu ndiye huyu aliyechuchumaa mbele yangu, akiomba radhi kwa kukua.

"Nipe nikutunzie," nilimwambia. Nililitia jino ndani ya kiberiti kitupu, nikakisukuma kwenye mfuko wa blauzi.

Saa mbili Shangazi alikuwa mlangoni pangu, kitenge kipya, marashi yametangulia.

"Mama Kidonge, vaa upendeze. Leo wewe ni shahidi wangu. Tunagonga mhuri pale ustawi wa jamii, saa sita gari linakuja. Dakika tano tu, unasema unamjua binti, unaweka saini yako hiyo nzuri, basi."

"Na mtoto nimwache na nani?"

"Njoo naye, atembee kidogo. Au unaogopa atameza mhuri?"

Ningekataa, angempata shahidi mwingine kabla ya chai kupoa. Nilimvalisha Kidonge viatu. Njiani Shangazi alimshika msichana mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayembeba kuku, huku akimsahihisha kwa sauti ndogo. Unaitwa nani? Una miaka mingapi? Nani kakulazimisha? Kila jibu lilitoka vilevile, bila kupanda wala kushuka.

Ofisi ilikuwa na meza moja, kabati lisilofunga na benchi la watu wanne. Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisoma fomu bila haraka.

"Huyu aliyejaza anajua kuandika," alisema. Nilihisi uso ukiwaka. "Binti, una miaka mingapi?"

"Kumi na nane."

"Unakwenda kwa hiari yako?"

"Nakwenda kwa hiari yangu. Huyu ni shangazi yangu, ndugu wa mama yangu."

Afisa aliinua macho. "Shangazi ni ndugu wa baba, mwanangu."

"Amechanganyikiwa na furaha," Shangazi akadakia. "Wa kijijini hawa, ofisi zinawatisha."

Afisa alipumua, akavuta kidau cha wino. Nadhani watu kumi walikuwa wakisubiri nje. Aliuinua mhuri.

"Samahani," nilisema. "Usigonge."

Sauti ilitoka ndogo, kama ya Kidonge. Nikarudia.

"Usigonge, mama. Fomu hiyo nimeijaza mimi. Tarehe si ya kweli. Niliandika nilivyoambiwa, na kabla yake niliandika nyingine mbili, na wale wasichana hawapatikani."

Shangazi alicheka kwa kupiga makofi. "Jamani, masomo ya jioni hayo! Yamempanda kichwani mpaka anaota mchana!" Kisha akaniinamia, marashi yakanijaa puani, kicheko kimekwisha. "Mwandiko ni wa nani, shoga? Si wako? Atakayelala ndani ni nani basi?"

"Anasema kweli hapo," afisa aliniambia, akiuweka mhuri chini taratibu. "Kujaza uongo kwenye fomu hii ni kosa. Unalijua hilo?"

Kidonge alikuwa amenishika kidole. Nilifikiria nani atampikia uji.

"Nalijua," nilisema. "Andika jina langu." Nikatoa kiberiti, nikakifungua juu ya meza.

Afisa alivaa miwani yake. Hakuligusa jino kwanza.

"Limetoka kwenye kinywa cha binti huyu leo alfajiri," nilisema.

"Uongo!" Shangazi aliruka. "Jino la mwanawe hilo! Mtazame huyo mtoto, ana pengo kama mlango wa banda! Kidonge, fungua mdomo, mama!"

Kidonge, asiyehitaji kuombwa mara mbili, alifungua mdomo wote. Afisa alichungulia pengo la mbele, akaligeuza jino kwa ncha ya kalamu, akachungulia tena.

"Hili ni la nyuma," alisema. "Binti, hebu nawe nione."

Msichana alifumba midomo mpaka ikapauka. Macho yake hayakuondoka kwenye mkono wa Shangazi, uliokuwa umerudi pale juu ya kiwiko.

"Siwezi kumfumbua mtoto mdomo kwa nguvu," afisa alisema polepole, zaidi kwangu kuliko kwa mtu mwingine. "Asiposema mwenyewe, nina fomu yako na neno lako. Na neno lako limeshasema mawili."

Shangazi alikuwa ameanza kukusanya karatasi. "Twende, Dada. Tutagonga kwingine. Na huo uchafu utupeni, unatia kinyaa."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ili nyuso zetu zilingane. Kwa karibu niliona alikuwa na makovu mawili ya pasi shingoni.  Mwalimu wangu hakuwahi kutufundisha la kumwambia mtoto kama huyu. Nikamvuta Kidonge akasimama kati yetu na pengo lake.

"Hujavunja kitu," nilimwambia. "Sikia, mwanangu. Hujavunja. Hata huyu limemtoka lenyewe. Ya watoto wote hutoka, na hakuna anayepigwa."

"Mimi nilipewa soda," Kidonge alisema, akipiga mluzi kwenye "s" yake.

Msichana aliutazama mdomo wa Kidonge kwa muda mrefu. Niliuona ulimi wake ukisogea ndani ya shavu, ukienda nyuma, ukipapasa mahali palipo wazi. Shangazi alimvuta mkono. Hakusogea. Alinyoosha kidole kilichobabuka kuelekea mezani, kwenye kiberiti, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia uani, akasema:

"Hilo jino ni langu."