Tepe Mbili Mgongoni mwa Salhina

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, maktaba ya mkoa, natia vitabu tepe za sumaku. Ndiyo kazi yangu kweli. Nakifunua kitabu kipya hadi kwenye uti, nachomeka utepe mwembamba asiouona msomaji, ili kikitolewa bila ruhusa lango lipige kelele. Kitabu kinene nakitia mbili.

Kinachofuata mezani ni Salhina, binti yangu, kavaa shela. Namtia mbili mgongoni. Halalamiki.

Nageuka, maktaba imekuwa sebule yetu. Wageni wamekaa rafuni kwa mpangilio wa herufi. Nje, wakwe kutoka Kigoma wanapiga vigelegele. Salhina anaaga, anafika mlangoni, lango linalia.

"Huyu hajaazimwa," linasema.

"Kaolewa."

"Sijaambiwa."

Nampeleka kwenye mashine inayozima tepe. Mashine inavaa miwani.

"Anarudi lini?"

"Harudi. Anakwenda kwa mumewe."

"Basi bonyeza hapa pasipo na tarehe, mama. Tepe zitakufa, atapita."

Kitufe ni kidogo kama punje ya mtama. Kidole changu kinakifikia, kinarudi.

"Mama," ananong'ona Salhina, "posa si uliipokea mwenyewe?"

"Niliipokea."

"Na kijana ukamsifu."

"Nilimsifu. Sikujua Kigoma ni mbali hivi."

Kamusi moja nene inakohoa rafuni. "Mie nimezeekea humu. Hata mwizi hajanitaka. Bonyeza, mama wee."

Nje vigelegele vinapungua. Wakwe wanakunja mikeka. Binti yangu ameanza kushika vumbi mabegani. Nataka kubonyeza, Mungu shahidi yangu nataka, lakini nasikia sauti yangu ikisema, "Andika anarudi Ijumaa."

Mashine inagonga muhuri. "Wa kuazimwa tu," inaliambia lango. "Tepe zibaki."

Salhina anapita bila kunitazama.

Nimeamka nalia. Nimelijutia neno lile kana kwamba nimelisema mbele za watu, kwani leo ndiyo harusi yenyewe, na mwanangu hakunikosea lolote.

Asubuhi, Bi Mgeni, somo yake aliyemfunda, alipokuwa akimvisha, alimwaga pini sakafuni. Tukaziokota. Salhina aliposimama, moja ilikuwa imemganda mgongoni, juu ya ngozi tupu, wala haijamchoma.

Nikaibandua. Ikarudi.

Nje wakwe walikuwa wanapiga hodi.