Mgonjwa Aliyepona Gazetini

Mzee Zebedayo wa Ipyana alikuwa mtu wa kuamini maandishi. Alikulia enzi ambazo gazeti lilikuwa la serikali au la chama, na neno likishapigwa chapa lilikuwa kama amri. Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara na magazeti yakawa huru. Basi la kutoka Mbeya likawa linashusha vijigazeti vya kila rangi pamoja na marobota ya mitumba, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba siku hizi hata mwongo, mradi ana fedha, anachapisha. Kwake chapa ilibaki chapa.

Ndiyo maana aliposoma kwamba vidonge vya presha vinakausha damu, na kwamba dawa ya kweli ni unga wa maganda ya kakao, alivitumbukiza vidonge vyake chooni bila kusita. Siku hiyohiyo akaanza kutwanga. Kakao alikuwa nayo shamba zima, na maganda yake alikuwa akiyatupa miaka nenda miaka rudi. Alijiona mjinga kwa kuchelewa kuijua dawa hiyo, lakini mjinga mwenye bahati.

Mkewe Anyes alimkumbusha kwamba vile vidonge alipewa na daktari. Akajibiwa kwamba na huyu wa gazetini ni daktari, tena profesa.

Anyes hakupata raha. Baba yake Zebedayo alianguka shambani akipalilia mpunga, upande mmoja ukafa, akamaliza maisha akilishwa uji. Zebedayo mwenyewe aliliogopa jambo hilo kuliko kifo. Kwa kuliogopa sana, alimkimbilia yeyote aliyemwahidi kwamba halitampata.

Mtu wa kumzuia alikuwapo palepale nyumbani. Alikuwa Hellen, mke wa mwanawe, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Lakini kwa Wanyakyusa wa kizazi cha Zebedayo, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, seuze kuzungumza. Wengi walikuwa wameshaulegeza mwiko huo, mchungaji wao akiwa wa kwanza. Zebedayo hakuulegeza hata kidogo. Akikaribia uani alikohoa kutoka mbali, Hellen akajibanza nyuma ya migomba, mzee akapita na heshima yake.

Basi Hellen, aliyekwisha kulisoma gazeti hilo, akaamua kuzungumza na kuku, mzee asikie. Mzee alikuwa barazani na gazeti lake, na sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko.

"We kuku, hivi aliyeandika hayo ya kakao ana jina, au ni profesa hivihivi?"

Zebedayo akakohoa. Akamgeukia mbuzi aliyefungwa karibu na baraza. "We mbuzi, profesa akitaja jina si watu watamsumbua?"

"Haya. Na pale chini, kuku wangu, si kuna sanduku la posta la kuagizia unga uliokwisha kusagwa? Anayekwambia uache dawa za watu ndiye huyohuyo anayeuza za kwake. Hapo hushtuki?"

Mzee aliangalia chini ya ukurasa. Sanduku la posta lilikuwapo, na likamuudhi. "Mbuzi, kuna mtu amepona. Picha yake hii hapa. Lameck wa Katumba Songwe, hapahapa Kyela kwetu. Na picha nayo inadanganya?"

"Kuku, picha inaonyesha mtu ana uso. Haionyeshi kama alikuwa anaumwa."

Mzee akalikunja gazeti, akamfungua mbuzi na kumpeleka malishoni.

Zebedayo alikasirika mpaka chakula kikamshinda. Kulipokucha alipanda baiskeli kwenda Katumba Songwe, amtafute huyo Lameck na kurudi na habari ya kumfunga kuku mdomo. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu juzi. Gazeti lilisema dawa ikianza kufanya kazi kichwa kitagonga, kwa hiyo alikanyaga pedeli kwa imani.

Lameck hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa kando ya mto wa mpakani, anafungua mizigo ya sukari aliyovusha kutoka Malawi, mtu mwenye kitambi na furaha ya asubuhi.

"Ugonile, tata," Lameck alimsalimu kwa Kinyakyusa, akimwita baba.

"Ndaga. Nimekuja kwa habari ya presha yako."

Uso wa Lameck ukachanua. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa hadi kikaanza kukatika, akakishika kwa mikono miwili.

"Ilikuwa kali sana?" Zebedayo aliuliza.

"Hata sijui, tata. Kuna bwana alikuja hapa na kamera, akanipiga picha na sukari yangu, akaniuliza jina. Nilidhani ni mtu wa ushuru, nusura nikimbie. Baadaye nikaletewa gazeti, kusoma hivi, kumbe nimepona presha."

"Lakini kabla ya hapo ulikuwa nayo?"

"Sikuwa najua. Fikiria, bila gazeti ningeugua na kupona bila habari. Sasa nakunywa huo unga asubuhi na jioni, isirudi."

 Zebedayo alimwona mjinga aliyekamilika, na kilichomuuma ni kwamba alimfahamu vizuri mno, kama anayejitazama kiooni. Alitaka kumwambia, lakini mto ulianza kuinuka upande mmoja machoni pake, akaikamata baiskeli, wakaenda chini pamoja.

"Nipeleke Ipyana," alisema akiwa chini mchangani. "Zahanati. Tabibu ananijua."

Lameck aliacha sukari yake kwa jirani, akampakia kwenye keria ya baiskeli, akanyonga bila kupumzika. Roho yake ilikuwa njema, hilo lazima lisemwe. Walipofika, tabibu alikuwa amekwenda semina Mbeya. Alikuwapo Hellen peke yake, naye alipomwona anayeshushwa alirudi nyuma ya pazia la kitanda kwa mazoea.

"Baba akae," ilisema sauti. "Apitishe mkono hapa."

Mkono ukapita. Kitambaa kikabana, kikalegea, kikabana tena. Kisha kikavuliwa.

"Kaka, mwambie baba iko juu mno. Leo harudi nyumbani. Na ule unga auache kabisa."

Lameck akamgeukia Zebedayo kwa uso wa huruma. "Anasema iko juu kidogo, ila unga umeshaanza kuishusha. Usiuache."

Kati ya pazia na sikio la mzee hapakuwa na hata urefu wa mkono, naye alikuwa amesikia yote mawili. Kichwa kilimgonga, na safari hii hakujidanganya kwamba ni dawa.

"Nyamaza, Lameck."

"Lakini tata, gazeti..."

"Nyamaza." Akainamisha macho. "Hellen."

Jina hilo hakuwahi kulitamka mwenye jina akisikia. Nyuma ya pazia kitu cha chuma kilidondoka sakafuni.

"Niambie wewe mwenyewe. Nitaanguka kama baba yangu?"

"Ukimeza vidonge, baba, na ukija kupimwa, sioni kwa nini uanguke." Sauti ilikuwa imelowa machozi. "Ukiviacha, utaanguka."

"Umejuaje?"

"Nimepima mara mbili. Tabibu akirudi naye apime, umuulize bila mimi kuwapo. Mimi siuzi kitu."

 Mkono wa mzee ulikuwa bado upande wa pili wa pazia, akaugeuza, kiganja kikatazama juu.

"Vilete," alisema.

Hellen aliviweka vidonge pale, kisha akamkunjia vidole kimoja kimoja, visimdondoke.