Kisanduku cha Uzito

Wenzangu mnaosomesha watoto kompyuta, nawaandikia mkae macho. Kosa linalopiga kelele halina neno. Liogopeni linalonyamaza.

Binti yangu aliitengenezea zahanati programu ya kupimia watoto dawa. Karani anaandika uzito kwenye kisanduku, mashine inasema mtoto apewe kiasi gani. Siku ya majaribio nilimpeleka mjukuu wangu awe wa kwanza. Nilijua mambo yakiharibika, muuguzi mkuu ataifuta programu, na jina la mwanangu litafutika nayo.

Mizani ikasoma kilo kumi na mbili. Karani, mama mtu mzima mwenye vidole vyepesi, akaandika. Kisanduku kikaonyesha 2.

"Kilo mbili?" Muuguzi mkuu akamtazama mjukuu wangu akikimbia huku na huku. "Huyu ni mtoto au kifaranga?"



Binti yangu hakubishana. "Shangazi, andika tena, polepole."

Kidole cha karani kikaenda kwenye herufi L.

"Mbona unaruka moja, unashika herufi?"

"Mwanangu, mashine ya taipu niliyojifunzia haikuwa na kitufe cha moja. Tulikuwa tunapiga L ndogo, inafanana na moja, basi. Mkono umeshazoea."

Binti yangu akashika kichwa. Alikuwa ameiambia programu itupe kimyakimya kila kisicho tarakimu. L ikatupwa, ikabaki mbili, mashine ikaiamini.

"Kosa ni langu, shangazi, si la mkono wako," akasema, akavuta kiti.

Alifanya kazi sote tukimkodolea macho. Alipomaliza, karani akapiga L yake makusudi. Safari hii L ilibaki pale pale, kisanduku kikawa chekundu, na chini yake pakatokea maneno: "Hapa kuna herufi. Andika uzito kwa tarakimu." Akaandika namba yenye nukta mbili, kikakataa. Akakiacha kitupu, kikakataa. Akaandika mia na ishirini, kikauliza kama kweli mtoto ana uzito huo.

"Kina mdomo kama mama mkwe wangu," karani akasema. Tukacheka wote.

Muuguzi mkuu akaandika kumi na mbili mwenyewe. Kipimo kilichotoka akakilinganisha na chati ya ukutani. Sawasawa.

"Haya, waingie," akasema. "Tunatumia hii."

Nilimbeba mjukuu wangu nikapita kwenye foleni kifua mbele. Mama mmoja akaniuliza kulikoni.

"Ingia tu, dada," nikamwambia. "Humo ndani kuna kazi ya mwanangu."