Nani Amelala Ndani ya Karavani

Mimi ni fundi seremala na ndoto si kazi yangu, lakini hii ya jana usiku lazima niitoe kifuani, maana hata sijui imeanzia wapi na imeishia wapi. Niliota nimelala ndani ya karavani uani kwangu, mahali palepale nilipokuwa nimelala kweli, na pimamaji yangu ikakohoa.

Ngoja kwanza niieleze hiyo karavani, msije mkadhani uzee umenipeleka kubaya. Ni chumba cha bati juu ya magurudumu mawili. Kina kitanda kimoja, jiko la gesi, karo la kuoshea vyombo na mlango mwembamba, na kinafungwa nyuma ya pikapu kikavutwa. Niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akizunguka nayo vilima vya Cherang'any na mkewe, na pamoja nayo akanipa kitabu cha maelekezo kilichochanika jalada. Niliinunua kwa ajili ya mama mkwe wangu.

Mama Nakhumicha yuko Kimilili na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Siku hizi anamwaga chai pembeni ya kikombe, na watu anawatambua kwa kikohozi. Mara mbili ameitwa huku Eldoret apasuliwe, mara mbili amekataa kuja. Akishapasuliwa inabidi alale karibu, atiwe dawa machoni kutwa nzima kwa majuma kadhaa, na aliyeko karibu ni binti yake Nelima, ambaye ni mke wangu na analala kwangu. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hatushikani mikono, hatutazamani usoni, na mmoja akiwa na neno anampitishia mtu wa katikati. Gesti nako hataki. Anasema anayelala gesti ni mtu asiye na watu wake. Sasa ameitwa mara ya tatu, Alhamisi hii, na daktari amesema wazi kwamba mwaka huu hakuna nafasi nyingine.

Alipoambiwa kuna chumba kitakachosimama uani, kisichokuwa cha mtu, aliuliza swali moja tu.

"Nani amelala humo?"

Nelima akamjibu kwamba hakuna aliyelala. Mama akasema basi atafikiria, atapiga simu Jumatano asubuhi.

Jumanne jioni, Nelima akiwa mazoezi ya kwaya, nikafungua kile kitabu. Kimeandika: kabla hujaipeleka karavani mbali, lala ndani yake usiku mmoja nyumbani kwako, upate kujua kinachokosekana. Mimi nikiambiwa na kitabu huwa nafanya. Nikachukua blanketi nikaingia.

Haya, sasa ndoto yenyewe.

Pimamaji yangu, ile ya futi mbili ya kupimia usawa, yenye povu katikati, iko mezani. Inakohoa tena.

"Fundi," inasema, "hatujakaa sawa."

Ninaitazama. Povu limekimbilia kushoto, limejibanza huko.

"Nilikupima jioni," naiambia. "Ulikuwa sawasawa."

"Jioni ulipima meza. Kitanda hukukipima."

Nikaona ina hoja, nikatoka. Nje jua lilikuwa la saa nne asubuhi, na sikushangaa, ingawa dakika moja nyuma ilikuwa usiku. Karavani ina miguu minne ya chuma kwenye pembe zake, ile unayoishusha kwa kuzungusha mpini ikishaegeshwa. Nikaanza kuzungusha wa kushoto nyuma ili niinyanyue kidogo.

"Hapana," mguu ukasema. "Sisi kazi yetu ni kutuliza, si kunyanyua. Ukitaka kunyanyua, weka ubao chini ya gurudumu. Ukurasa wa kumi na mbili."

Miaka ishirini na sita nashika mbao, leo nafundishwa mambo ya ubao na mguu wa chuma. Nilikasirika, siwafichi. Lakini nikaenda kutafuta ubao. Nilipoinuka nao, ua wangu haukuwepo. Karavani ilikuwa imesimama soko la Kimilili, upande wanaouza kuku, na kuku wamepanga mstari mlangoni kana kwamba wamepewa miadi.

Mama Nakhumicha ameketi juu ya begi lake. Amenipa mgongo.

Nikasimama na ubao wangu. Nelima hayupo, na bila Nelima mimi na Mama hatuna njia ya kuongea. Sikujua hata nisimame upande gani.

"Nitapitisha mimi," ikasema pimamaji kutoka kwapani kwangu.

"Muulize mkwe, hajambo?" Mama akauliza, akiwatazama kuku.

"Anauliza hujambo."

"Mwambie sijambo. Macho yanaendeleaje?"

"Anauliza macho."

"Macho ndiyo haya, hayaendi popote. Mwambie nimekuja kuona hicho chumba. Ni yeye mwenye kikohozi kikavu?"

"Ndiye," pimamaji ikajibu yenyewe, bila kuniuliza.

Mama akainuka, akaja mlangoni akipapasa kwa mguu. Mguu ukatafuta ngazi ya kwanza, ukaning'inia hewani, ukarudi chini.

"Mwambie hii ngazi ya kwanza iko juu."

Nikazunguka hadi kwenye gurudumu. Kuna kabari mbili pale, vipande vya mti nilivyovichonga mwenyewe kuzuia karavani isiviringike. Nikang'oa moja, nikaja kuiweka chini ya ngazi, Mama apate pa kukanyagia.

"Kitabu kimesema kabari haitoki kabla karavani haijafungwa kwenye gari," ile iliyobaki ikanikumbusha.

"Nimetoa moja tu."

"Na mimi ndiye nimebaki peke yangu. Ujue mimi ni mkaratusi tu."

Mama akakanyaga, akapanda, akaingia. Karavani ikaondoka.

Haikuwa imefungwa kwenye gari lolote. Iliondoka taratibu kama mtu aliyechelewa ibada na hataki kuonekana anakimbia. Minyororo ya kuifungia kwenye gari inaburutwa mbele, ngazi inaning'inia, kuku wanapunga mabawa. Ninakimbia nyuma na pimamaji mkononi. Tunapita Webuye, tunapita kati ya watu wanaoanika mahindi, tunapita sebuleni kwangu, ambako kochi limesogea kutupisha. Mkia wa karavani unayumba, kulia, kushoto, kulia tena.

"Mzigo mzito kuliko yote umewekwa wapi?" karavani ikauliza. Sauti yake ilikuwa ya bati.

"Hakuna mzigo," nikasema. "Kuna Mama na begi lake."

"Nyuma kabisa kuna kitu."

Nikarukia mlangoni. Kweli, nyuma kabisa, karibu na karo, lilikuwa limewekwa lile swali la Mama. Msiniulize swali linafananaje. Lilikuwa na pembe, na uzito wa cherehani ya chuma. Kitabu kimesema vitu vizito viwekwe chini, katikati, karibu na ekseli ya magurudumu, ama sivyo mkia utayumba mpaka ukulaze mtaroni. Nikalikumbatia lile swali, nikalivuta hadi katikati, nikalitua miguuni pa Mama. Kuyumba kukaisha. Mama akalitekenya kwa kidole cha mguu.

"Mwambie bado halijajibiwa," akasema.

Hapo tukawa hospitalini. Karavani ilikuwa imeketi kwenye benchi la foleni ya macho, sisi tukiwa ndani yake, na mlango ukafunguliwa na mtungi wangu wa gesi. Ulikuwa umevaa koti jeupe.

"Dirisha dogo liko wazi?" mtungi ukauliza. "Siingii mahali pasipopita hewa."

Nikalifungua. Mtungi ukaingia, ukachukua faili.

"Mgonjwa atalala wapi?"

"Humu," nikasema.

"Kitanda ni cha nani?"

Nikataka kusema si cha mtu. Mdomo nikaufungua kabisa. Lakini godoro likawahi.

"Cha Fundi," likasema. "Amenilalia tangu saa tatu. Mgongo wake una uzito upande wa kulia."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mwezi mzima nahangaika kutafuta chumba kisichokuwa cha mkwe, halafu usiku mmoja kabla ya simu, mkwe mwenyewe anaingia anajilaza humo, eti kitabu kimesema. Nilijiona mpumbavu kuliko wapumbavu wote wa Bungoma na Trans Nzoia.

"Nilikuwa najaribu tu," nikaliambia godoro.

"Mimi najua kulaliwa," likajibu. "Kujaribiwa sikujui."

Mama hakugombana. Aliinama, akapapasa begi lake, akalichukua, akashuka. Nilidhani nje ni korido ya hospitali. Haikuwa. Ilikuwa barabara kuu ya Webuye, na malori ya miwa yanashuka yakifuatana. Mama anatembea kwa kunyoosha mguu mmoja, anagusa chini, anauvuta mwingine. Anaelekea katikati ya barabara na hajui.

Niliogopa. Hata siku mashine ya msumeno iliponila kidole sikuogopa hivyo. Kumwita siwezi, kumshika mkono ndiyo siwezi kabisa, na kumbukeni ninaota, kwa hiyo marufuku hizo zilikuwa zimenishika miguu kwelikweli: kila nikitaka kumkimbilia, viatu vinarudi nyuma.

"Mwambie asimame," nikaiambia pimamaji.

"Siwezi kupitisha neno nikiwa nimeinama. Tazama povu."

Povu lilikuwa limekwama kushoto. Karavani yenyewe ilikuwa imeanza kuteremka kumfuata Mama, kwa sababu ile kabari ya mkaratusi ilikuwa imechoka, na imeniambia hivyo, kwa adabu.

Sikufikiri tena. Nikavuta blanketi langu kitandani, nikatandika kitanda nikachomeka shuka pembe zote, nikatoka, nikajilaza chini ya gurudumu la kushoto, mahali pa ile kabari niliyoing'oa. Nikabana mgongo kwenye tairi. Karavani ikanilalia, ikaguna, ikasimama.

Polepole povu likarudi katikati.

"Amelala nje," pimamaji ikasema kwa sauti kubwa.

Mama akasimama, mguu mmoja juu ya lami. Lori likapita mbele yake likamwinua leso.

"Mwambie arudie."

"Amelala nje. Kitandani hakuna mtu."

Akageuka. Akarudi akipapasa, akaikuta kabari, akakanyaga, akapanda. Niko chini ya sakafu nasikiliza nyayo zake juu yangu. Kutoka mlangoni hadi kitandani ni hatua tano, na hizo tano alizipiga bila kupapasa hata moja. Kitanda kikalia. Kisha nikamsikia akiliuliza godoro, au pimamaji, sijui:

"Na ni nani huyo anayekoroma chini ya nyumba yangu?"

Nikataka kusema sikoromi, niko macho. Nikaamka.

Nilikuwa kwenye nyasi. Blanketi limelowa umande, mgongo wangu umebanwa na tairi la kushoto, na Nelima amesimama juu yangu na simu mkononi.

"Baba Khisa, kuna nini? Kitanda kiko ndani, wewe unalala huku kama mbuzi."

"Nililala ndani," nikasema.

"Wapi ndani? Niliporudi kwaya nilichungulia. Shuka limechomekwa vilevile nilivyolichomeka Jumapili. Nikajua umebaki karakana."

Nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka kuvua viatu, nikakumbuka godoro likibonyea. Viatu nilikuwa nimevivaa. Nikataka kumweleza, lakini simu ikalia, naye akaipokea, na kwa jinsi alivyoiweka sawa leso yake nikajua ni mama yake.

Nikakaa kitako kwenye nyasi, nikatazama pembeni, kwa heshima.

"Anauliza kama kuna mtu amelala humo," Nelima akasema. Akanitazama, akalitazama blanketi lililolowa, akarudisha simu sikioni. "Hapana, Mama. Mwenyewe amelala nje, kwenye nyasi. Ndiyo. Naona ana majani kichwani."

Akasikiliza muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu nukta za kutu kwenye bati ili nisitazame upande wa simu.

"Anakuja," akasema, na sauti yake ikakatika kidogo. "Twende na karavani tukamchukue leo." Nikajifanya nakohoa.

Nelima akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika, akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema nikwambie, kile kipande cha mti ukirudishe kwenye gurudumu kabla hujafunga gari. Kwamba ngazi ataipanda hivyohivyo." Akanikazia macho. "Kipande gani cha mti? Na ngazi yetu ameionea wapi?"

Nikageuka. Kwenye gurudumu la kushoto kabari haikuwepo. Ilikuwa chini ya ngazi ya kwanza, imelazwa vizuri, upande wenye bapa ukiwa juu.

Nikaenda nikaichukua, nikachukua na nyundo, nikaigongelea mahali pake, mapigo mawili.

"Mwambie nimeirudisha," nikasema.

Nelima akamwambia. Akasikiliza, akateremsha simu taratibu.

"Anasema amesikia nyundo."