Kitufe cha Kushoto

Tangu kiharusi kimpige mumewe, mshonaji alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mkono wa kushoto urudi. Daktari alisema utarudi ukitumiwa. Lakini mume huyo, fundi aliyetengeneza mashine za michezo tangu ujana wake, aliubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Akipewa mpira wa kufinya, aliuweka chini. Akishauriwa, alitia pamba masikioni.

Mke akamsihi acheze pinboli, mchezo wa mashine wa kupiga gololi kwa vibao isizame. Mashine yenyewe ilisimama sebuleni, ya zamani, miongoni mwa zile za mwanzo kutumia elektroniki, na kiooni pake palichorwa jemadari mwenye masharubu akivamia ngome juu ya farasi anayeonekana kujuta. Kila ubavu ulikuwa na kitufe cha kuinua kibao cha upande wake. Fundi alicheza kwa mkono wa kulia tu. Gololi ikipitia kushoto, ilizama.

“Bonyeza na huko, baba,” mke alimwambia.

“Mkono hausikii.”

Asubuhi moja akiwa kwenye cherehani, mke alisikia vibao vyote viwili vikipiga, pa-pa, pa-pa, na kengele za ngome zikilia. Furaha ikampanda. Kabla hata ya kwenda kuangalia alimpigia simu wifi yake, mtu asiyekaa na siri, ambaye alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Kisha mke akaingia sebuleni. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia vilevile. Kitufe cha kulia ndicho kilichoinua vibao vyote.

“Nimeunganisha nyaya,” mume alisema bila kugeuka. “Sasa mmoja unatosha.”

Hasira zilimpanda mke hadi machozi. Mtu mzima na akili zake, anaukwepa mkono wake mwenyewe kwa ujanja. Akafungua mlango mdogo wa mbele ya mashine ili azing'oe nyaya zile. Hazikuwa zimesokotwa tu. Zilikuwa zimelehemiwa, kiungo safi, kinang'aa. Kwa kuwa aliolewa na fundi, kazi hiyo aliijua: mkono mmoja hushika chuma cha moto, wa pili husogeza waya wa lehemu taratibu mpaka uyeyuke.

“Nani alikushikia lehemu?”

“Nani yupo hapa? Nilishika mwenyewe.”

Halafu fundi akauinamia mkono wake wa kushoto, akautazama sana. Mke akakaa sakafuni palepale.

“Ulikuwa unatetemeka,” fundi alisema polepole. “Mimi nilikuwa nawaza nyaya tu.”